Mahali pa Kuweka Do

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alinipigia simu akiwa Ilula, kando ya barabara kuu, katikati ya ndoo zake za nyanya. Mabasi yalikuwa yakipita na kumkatakata maneno. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Aliongea kwa ile heshima ya mtu ambaye ameshaamua.

"Dada, nakushukuru unampenda mwanangu," alisema. "Lakini huko kwenye makompyuta naona anapotea. Muhula ukiisha namrudisha nyumbani. Atasoma huku huku, nikimwona."

Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha duka la spika, Mbeya mjini. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, na mlima Loleza ulikuwa umejifunika ukungu hadi kifuani. Nyuma ya duka, kwenye chumba chetu, binti yake, aliyekuwa akisoma Mbeya na kuishi kwa mama yake mdogo, alikuwa ameinamia skrini na hakujua kwamba maisha yake yanajadiliwa nje.

"Mama, kuna kazi anaifanya kwa ajili ya kwaya yenu," nikasema. "Babu yake ndiye aliyemwomba."

"Najua. Kwani mimi siimbi kwenye hiyo kwaya?" Akageuka kumwuliza mteja kama anataka ndoo kubwa au ndogo, kisha akarudi kwangu. "Haya. Tutaisikia. Ikiwa kitu cha maana, tutaongea. Ikiwa makelele, usinilaumu."

Nilirudi ndani na kumwambia binti maneno yote kama yalivyo, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na sita na angeyajua tu. Alivua hedifoni, akazikunja vizuri juu ya meza. Kisha akasema, "Basi lazima iwe kitu cha maana," akazivaa tena.

Chumba kile tulipewa na mwenye duka, mzee mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo, anayejua Kinyakyusa kunishinda mimi. Vijana walimwita anko. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba wateja wakiwepo tusifungulie muziki hadi vikombe vyake vya chai vitikisike. Tulikaa kati ya maboksi ya redio, na harufu ya plastiki mpya ilikuwa ndiyo hewa yetu. Mimi nilikuwa nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, na mchana wa mwandishi ni mrefu sana usipokuwa na mtu wa kusema naye. Chuoni nilikuwa nimejifunza kutengeneza muziki kwa kompyuta, ili tuweke sauti chini ya mashairi tuliyokuwa tukisomeana. Nikadhani nikiwafundisha vijana wachache nitakuwa nimepata watu wa kuongea nao. Sikujua kwamba nitapata watu wa kunicheka.

Wiki ya kwanza nilishindwa vibaya. Niliwaonyesha kinanda kilichochorwa kwenye skrini, nikawapa herufi zake, C, D, E, kama nilivyofundishwa mimi. Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu ya darasani, ile inayomaanisha hakuna kilichoingia. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Madibira, ambaye wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Huyo hakuwa na adabu ya darasani.

"Dada, hizi herufi zako ni kama namba za magari," alisema. "Nazisoma, ila sijui gari linaenda wapi."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikabonyeza kitufe kingine, nikiwa nimekasirika kidogo, na kwenye kona nikasikia sauti ndogo ikisema, "Hiyo ni so."

Alikuwa yule binti wa Ilula. Hakuwa ameinua hata uso.

Nikabonyeza kingine. "La," akasema. Kingine. "Mi." Wakati huo wenzake wameshaingia, wanaimba kila ninachobonyeza, wanaparamia ngazi ya do re mi fa so la ti do kama watu wanaopanda kwao. Wote walikuwa watoto wa kwaya. Katika nyanda hizi mtoto anaweza kukua bila kuona piano, lakini si rahisi akue bila mtu kumsimamisha mbele ya ubao wenye do na re, amepangwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, na kugongwa kichwani kwa upole akikosea. Walikuwa wanasoma muziki tangu utotoni. Mimi ndiye niliyekuwa nawasemesha kwa lugha ya ugenini.

Tuliomba selotepu ya karatasi kwa anko, tukabandika vipande kwenye kinanda chetu kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, tukaandika do, re, mi. Do tuliibandika pale kidole changu kilipokuwa kimeanzia, kwenye C. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale. Ikakaa hapo, nasi tukaizoea kama watu wanavyozoea mlango ulipo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Sijawahi kuona furaha ya aina ile, ya mtu kuchora vijistari kwenye skrini kisha kusikia alichochora kinaimba. Walijifunza kuweka besi, wakajifunza kuvuta nyuzi, zile sauti za fidla, zije taratibu kama mtu anayefungua pazia. Walijifunza kwamba ngoma hupangwa kwenye miraba, mraba mmoja kwa kila pigo, na kijana wa Madibira akaijaza miraba yote.

"Umejaza kama gunia la mpunga," binti alimwambia. "Huyu mtu atahema saa ngapi?"

"Mtu gani? Hii ni biti."

"Mtu wa kuimba."

Akafuta mapigo, moja hapa, moja pale, na biti likaanza kutembea. Kijana alilisikiliza, akakuna kichwa. "Noma," alisema. "Umeniibia ngoma nusu halafu imekuwa nzuri." Tangu siku hiyo alimwita Mama Mchujo, na yeye akalipokea jina bila kulalamika.

Kazi ya kwaya ilikuja kwa njia ya simu. Babu yake binti, baba wa mama yake, alikuwa mwalimu wa kwaya kule Ilula. Mpiga kinanda wao alikuwa amehamia Dar es Salaam, na sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, siku ambayo kwaya nyingi hukutana Iringa mjini. Babu aliandika wimbo wake ubaoni, sauti zote nne, akaupiga picha, akautuma. Hakutaka kujirekodi akiuimba. Alisema simu inaharibu sauti ya mtu mzima.

Binti aliingiza wimbo ule nota kwa nota. Alizisikiliza sauti nne zikiimbwa na mashine, akazifuta, akabaki na nafasi ambamo watu halisi wangekuja kusimama. Kuizunguka nafasi hiyo akajenga besi, ngoma za kutembea polepole, na nyuzi zinazoingia kwenye kiitikio kama jua linavyoingia shambani. Nilimwacha afanye mwenyewe. Siku alipomaliza, anko alisimama mlangoni na kikombe chake, akasikiliza hadi mwisho, akasema "Ndaga fijo," akaondoka. Ni asante ya Kinyakyusa, asante sana. Tukachukulia kwamba tumefaulu.

Jumamosi tulishuka Ilula, mimi, binti na kijana wa Madibira aliyejiteua kuwa fundi wa nyaya. Kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye kitenge, na njia nzima binti aliipakata kama mtoto mwenye homa. Kwaya ilikuwa inatusubiri kanisani. "Kamwene, kamwene," walitusalimu mmoja mmoja, wakitupa mikono. Babu alikuwa mfupi, msafi, amevaa koti licha ya jua, mtu anayejua kwamba anatazamwa. Mama alifika mwisho, moja kwa moja kutoka barabarani, viganja vyake bado vina rangi ya kijani ya majani ya nyanya. Alinisalimu vizuri tu. Kisha akakaa mstari wa mbele, sauti ya kwanza, akaukazia macho ule mzigo wa kompyuta kama anayekazia macho mchumba wa binti asiyemwamini.

Muziki ukaanza. Niliziona nyuso zikifunguka, na mzee mmoja wa sauti ya nne alianza kutikisa bega. Moyo wangu ukatulia mapema mno.

Kwaya ilipoingia, ilijikuta juu ya paa. Sina namna nyingine ya kueleza. Muziki ulikuwa juu mno, na watu wale wakaufuata huko kwa utii, wakipanda na kupanda, shingo zimesimama, na kufikia kiitikio sauti ya kwanza ilikuwa inapiga kelele kama kuku walioona mwewe. Sauti ya tatu ilinyamaza kabisa. Mama aliimba hadi nusu ya mstari, akaweka mkono kooni, akaacha.

Babu aliinua mkono. Binti akasimamisha muziki.

"Nani amekwambia do inakaa huko?" babu aliuliza.

"Babu, hukuandika inakaa wapi."

"Haiandikwi. Naitoa mimi." Akajigusa kifuani. "Asubuhi ya baridi naiweka chini, mchana naipandisha. Wakiwa wamekula naipandisha zaidi. Natazama nyuso zao, natoa."

Ndipo nilipoelewa, na nikaona kwenye uso wa binti kwamba naye ameelewa. Kwa mzee yule, do haikuwa kitufe. Ilikuwa popote alipoamua kuanzia siku hiyo, na wengine wote wakapanga nyumba zao kutokea hapo. Sisi tulikuwa tumeibandika kwa selotepu. Wimbo wote ulikuwa sahihi, kila nota mahali pake, ila nyumba nzima tuliijenga kwenye kilima kisicho chake.

Nilimtazama mama. Alikuwa anaokota pochi yake chini ya benchi.

"Naweza kuishusha," binti alisema. "Wimbo mzima. Sasa hivi."

"Wimbo mzima?" babu akashangaa. "Mpaka uandike upya?"

"Hapana, Babu. Unashuka wote pamoja."

Alichagua kila kitu kwenye skrini, akabonyeza mara kadhaa, akaufungulia. Besi ilikuja, imeshuka vizuri. Na badala ya ngoma zikaja kengele za ng'ombe, filimbi, na kitu kilicholia kama sufuria lililoanguka ngazini.

"Yesu wangu," alisema kijana wa Madibira, "tumefika mnadani!"

Kanisa zima lilicheka. Nami nilicheka, kwa woga. Katika programu yetu ngoma nazo zimepangwa kwenye vitufe vya kinanda, kitufe hiki ngoma kubwa, kile kofi, kile kengele. Ukishusha nyuzi zinabaki nyuzi, ila chini. Ukishusha ngoma zinahama na kuwa vitu vingine kabisa. Binti aliwahi kujua hilo, lakini vidole vyenye hofu vinasahau. Akazirudisha ngoma peke yake zilipokuwa, akauacha muziki uliobaki kule chini. Mama alikuwa amekaa na pochi mapajani. Hakucheka, lakini pia hakuwa amesimama.

Babu akatoa do yake kwa mdomo, ndefu, nyororo, ya kujivunia. Binti akaitafuta kwenye skrini hadi zikakutana. Waliimba, na sasa ulikuwa wimbo. Lakini kwenye kiitikio niliwasikia wanawake wa mbele wakijikaza, na mwisho wake wawili watatu wakakohoa kwa siri kwenye khanga zao.

Binti naye aliwasikia. Bila kuinua uso akauliza, "Mama, hapo panauma?"

Nadhani hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo katika kwaya ile. Mama alimtazama baba yake, akamtazama mwanawe.

"Panauma," alisema.

"Tangu lini?" babu akauliza, kwa mshangao wa kweli.

"Tangu uanze kufundisha, Baba."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Babu alijaribu kukasirika, akakosa pa kuanzia. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, mwenye sauti kali ambayo bado ilikuwa nzuri, na miaka yote ile alikuwa ameiweka do pale ambapo yeye mwenyewe alisikika vizuri. Sidhani kama alijua.

"Nashusha kidogo," binti alisema. "Mniambie."

Akashusha hatua moja. Wakajaribu mstari mmoja. "Bado," walisema wanawake. Akashusha nyingine.

"Msishushe sana," mzee wa sauti ya nne alilalamika kutoka nyuma. "Sisi huku tutazikwa."

"Vumilieni, na ninyi mwonje," mmoja wa wanawake akamjibu.

Hatua nyingine nusu. "Hapo!" wakasema kwa pamoja, kama wanaomwonyesha fundi mahali pa kupigilia msumari. Waliimba, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti ya mama yule bila maumivu ndani yake. Ilikuwa pana. Ilikuwa na joto chini yake, kama mkate uliotoka jikoni. Binti alisahau kutazama skrini. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia.

"Hapo mimi siwaki," babu alinung'unika.

"Baba, hatukuja kuwaka. Tumekuja kuimba."

Mazoezi yakaisha. Mama aliniaga, akarudi barabarani kwenye nyanya zake. Kuhusu binti hakusema lolote, ila "Kesho tutaonana," na neno hilo niliondoka nalo nikaligeuzageuza kama mtu anayetafuta pesa mfukoni.

Jumapili, Iringa. Kanisa lilijaa kwaya za sare za kila rangi, na baridi ya asubuhi ilikuwa imeng'ang'ania sakafu. Ilipofika zamu yetu, binti alikaa pembeni na kompyuta, waya umeingia kwenye spika za kanisa, na kijana wa Madibira amesimama kando ya waya huo kama askari wa benki. Babu alipita mbele, akainamia madhabahu, akawageukia watu wake. Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akafungua mdomo akatoa do.

Ile ya zamani. Ya juu, licha ya baridi.

Kwaya ilitetereka. Niliona vifua vikijaa hewa ya kwenda kule kule. Binti alikuwa na vidole juu ya kompyuta, na nilijua anachofikiria kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria. Kuupandisha muziki umfuate babu ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Hakuna ambaye angejua. Mzee angeheshimika mbele ya Iringa nzima, na wanawake wangeimba kwa kuumia kama walivyozoea, pamoja na mama aliyeshika mustakabali wa binti yake. Au angeuacha pale walipokubaliana, na wimbo uanze na mwalimu na mashine wakigombana.

Alimtazama mama yake. Mama hakuwa anamtazama babu. Alikuwa anamtazama yeye.

Binti akabonyeza kitufe kimoja. Do ilijaa kanisa zima, ya chini, akaishikilia. Kwa kitambo zilikuwepo mbili hewani, ya babu na ya mjukuu, kama watu wawili waliokutana mlangoni. Babu akageuza kichwa. Sitasahau uso ule. Kwanza ulikuwa na hasira, halafu ukawa na kitu cha kukumbuka, halafu, namshukuru Mungu, karibu tabasamu. Aliinua mkono, akaushusha taratibu mbele ya kifua chake hadi usawa wa kitovu, akatoa do upya. Chini. Sawasawa na ile ya binti, hazikuachana hata unywele.

Nilikuwa sijahema. Nikahema.

Wakaimba. Siwezi kusema waliwashinda wengine, wala hapakuwa na wa kushinda. Lakini katika kiitikio, nyuzi zilipoingia, sauti ya kwanza haikukimbia kitu. Ilisimama wima, ikaenea hadi kwenye mabenchi ya nyuma, na mwanamke mmoja karibu yangu ambaye hatujuani alinigeukia akasema, "Wanaimba kama hawachoki." Macho yangu yalikuwa yameshajaa.

Nje, kwenye ngazi za kanisa, jua lilikuwa limeanza kupata nguvu. Mama alitujia akiwa bado na sare. Aliligusa koo lake kwa vidole viwili, akabonyeza hapa na pale, kama mtu anayetafuta jino lililokuwa likimsumbua na halipo.

"Haliumi," aliniambia. Kisha akamgeukia binti. "Shule zikifunguliwa utarudi Mbeya. Kwa mama yako mdogo, na huko kwa dada. Lakini hesabu zikishuka, nakuja mwenyewe na basi la asubuhi."

"Ndiyo, mama."

"Sijamaliza."

"Ndiyo, mama."

"Zikishuka si anazirudisha juu tu kwa kidole?" kijana wa Madibira alisema. Akachapwa kofi la bega, la mapenzi, na yeye akajisikia mmoja wa familia.

Babu alikuja nyuma yao, koti limefungwa vifungo vyote. "Hiyo mashine," alimwambia mjukuu wake, "ina kiburi."

"Babu, wewe uniambie tu mapema. Asubuhi hiyo hiyo. Ukisema do iko wapi, naipeleka."

"Na kama mama yako atakataa?"

"Basi mtaelewana ninyi wawili, mimi nibonyeze."

Mzee akacheka, safari hii kwa sauti, akaenda kutafuta chai. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeibeba simu ile ya barabarani kwa wiki nyingi bila kujua uzito wake, hadi nilipoitua.

Mama hakuondoka. Alisimama mbele ya mwanawe, anazungushazungusha pete kidoleni, mara mtu mzima, mara kama msichana anayetaka kuomba kitu.

"Ule wimbo wa Pasaka," alisema hatimaye. "Na wenyewe unatuua. Unaweza kuushusha?"

Binti akakaa palepale, akaifungua kompyuta mapajani, akaikinga skrini na jua kwa kitenge.

"Uimbe kwanza," alisema. "Taratibu. Pakianza kuuma, uniambie."

Na mama yake, muuza nyanya wa Ilula, akakaa ngazi moja chini yake, akasafisha koo, akaanza.